Askari Aliyerudi na Jembe

Kusini mwa mji wa Kasese, mahali nchi inaposhuka kuelekea Ziwa Edward, liko shimo kubwa la volkeno ya kale lililojaa maji yasiyonyweka. Hilo ndilo Ziwa Katwe, na ukingoni mwake umekaa mji mdogo wa Katwe Kabatoro. Katika ziwa hilo havuliwi samaki, huvunwa chumvi. Wanaume huingia majini na mitaimbo, wakavunja mabamba magumu yaliyoganda chini, wakayapakia juu ya vyelezo na kuyasukuma hadi pwani. Karibu na ufuko yamechimbwa majaruba ambayo humilikiwa na jamaa na kurithishwa; humo maji huachwa yakaushwe na jua mpaka chumvi ijitenge na tope jeusi. Ni kazi ya jua kali na harufu nzito, na wanawake wa mji huo wameifanya kwa vizazi vingi sawa na waume zao.

Kuna jambo moja ambalo kila mfanyakazi wa Katwe hulifahamu bila kufundishwa. Maji yale hayafichi kidonda. Mtu huweza kufika asubuhi akitembea wima na kutaniana na wenzake, lakini akishatia mguu majini, mchubuko alioupata juzi na kuusahau humkumbusha papo hapo.

Chumvi hiyo ndiyo iliyowaleta askari. Kabalega, Mukama wa Bunyoro, aliishikilia Katwe kwa sababu aliyeishika Katwe alishika biashara ya nchi nyingi, kutoka Ankole hadi misitu ya Kongo. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika huko na msafara mkubwa kutoka Buganda, akawaondoa watu wa Kabalega na kujenga ngome aliyoiita Fort George. Katika msafara huo walikuwamo askari wa Kisudani, wapagazi wa pwani ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao, na Waganda wengi waliochukua silaha. Mmoja wa hao Waganda alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake Waswa.

Waswa huyo ndiye ambaye baadaye alijulikana kama Kanoni Apolo Kivebulaya. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 30 Mei, na Wakristo wa Toro na wa upande wa pili wa mto Semliki humtaja kama baba yao katika imani. Hata hivyo sifa za namna hiyo zina hatari yake. Zikisomwa haraka, mtu mwenye doa huona kwamba habari za watakatifu si habari zake, kwamba hao walizaliwa wakiwa safi na yeye amechelewa. Kwa hiyo inafaa kumtazama Waswa kabla hajawa Apolo.

Alizaliwa Singo, katika Buganda, yapata mwaka 1864, akiwa pacha, kama jina lake linavyoonyesha. Alikua katika nyakati mbaya. Mabalozi wa dini walikuwa wamefika katika jumba la Kabaka, na baada ya Kabaka Mutesa kufariki mwaka 1884, mambo ya dini yaligeuka mambo ya vyama na vyama vikageuka majeshi. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti. Waislamu na Wakristo wakapigana, kisha Wakristo wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakaja kupigana mwezi Januari 1892. Kijana wa wakati huo hakuulizwa sana anaamini nini. Aliulizwa yuko upande gani.

Waswa alifuatana na Waislamu kwa muda, kisha akahamia kwa Wakristo. Haifai mtu kuitumia habari hiyo kuishutumu dini yoyote, maana katika pande zote walikuwamo watu wacha Mungu na watu waliotafuta nyara. Habari yenyewe inatuonyesha tu kijana aliyekuwa akienda na upepo. Alikuwa amewahi kumsikia Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefundisha karibu na mji mkuu, lakini mafundisho hayo hayakumshika. Walioandika maisha yake hawakuficha kwamba alivuta bangi. Kisha akaingia katika maisha ya msafara, akaenda magharibi.

Ni lazima kusema wazi jinsi safari za kijeshi za wakati ule zilivyokuwa. Chakula cha mamia ya watu kilitoka katika mashamba ya wenyeji, na si kila mara kilinunuliwa. Lugard alimweka Kasagama katika kiti cha Toro, akaendelea mpaka Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki tangu siku za Emin Pasha, akawapanga katika ngome za Toro kama kinga dhidi ya Kabalega. Kinga hiyo ikawa mzigo. Miaka iliyofuata, malalamiko ya watu wa Toro juu ya askari hao yalikuwa mengi: mifugo kuchukuliwa, chakula kuchukuliwa, watu kuchukuliwa. Waswa hakuwa mmoja wa hao walioachwa ngomeni, maana alirudi Buganda. Lakini aliingia katika nchi ile kwa mlango uleule, pamoja na jeshi, na mama mwenye shamba la ndizi kando ya njia hakuwa na sababu ya kumtofautisha na mwingine yeyote mwenye silaha.

Mwezi Januari 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo. Hakuna kishindo kilichosimuliwa juu ya siku hiyo. Alikuwa amesoma kidogo kidogo, kama wengi walivyosoma wakati ule, akiweka kitabu karibu na kuacha mengine polepole. Linaloshangaza zaidi ni upesi wa yaliyofuata. Katika mwaka huohuo wa ubatizo wake alijitolea kwenda kufundisha, na akapelekwa Toro.

Hapa msomaji mwenye busara anaweza kutikisa kichwa. Mtu ambaye jana alikuwa askari wa msafara, mvuta bangi, leo anapewa kitabu aende kufundisha wengine? Katika kazi nyingi hilo lingeitwa uzembe. Kuruta hapewi kikosi. Askari polisi mwenye shauri mbele ya mkuu wake hapandishwi cheo wiki hiyohiyo. Na kweli wako waliopelekwa kabla ya kuiva, wakaanguka na kuwaangusha wengine. Lakini ukiwatazama wale ambao Agano Jipya linawataja kama nguzo za kwanza, unakuta Petro aliyemkana Bwana wake usiku wa kukamatwa, na Paulo aliyewawinda waumini nyumba kwa nyumba. Ukristo haukuanzishwa na watu wenye faili safi. Neema, kama wanavyoieleza waalimu wa imani hiyo, ni kipawa kinachompata mtu kabla hajastahili, na kazi anayopewa ni sehemu ya kipawa chenyewe. Anayesubiri kwanza ajitakase, kisha ndipo aanze, huenda akasubiri mpaka atakapostaafu.

Apolo alirudi basi katika nchi aliyoingia na jeshi miaka minne nyuma. Wenyeji walimwita Kivebulaya, yaani kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya mavazi yake. Masimulizi hutaja koti jekundu la kijeshi alilolivaa chini ya kanzu nyeupe. Mtu angetegemea kwamba aliyeokoka angelitupa koti hilo mtoni. Yeye alilivaa. Ikiwa alilivaa kwa sababu ya baridi ya milima ya Rwenzori au kwa sababu hakuona haya ya alikotoka, ni jambo ambalo kila mmoja anaweza kulikisia kwa namna yake. Ila ni dhahiri kwamba hakujaribu kujifanya mtu asiye na jana.

Kutoka Toro, ng'ambo ya bonde la Semliki, huonekana nyanda za juu za Mboga, ambazo leo zimo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waalimu wawili wa Kiganda walikuwa wamekwisha kwenda huko, lakini Tabaro, mtawala wa Mboga, aliwaona kuwa maudhi. Walisema juu ya pombe, wakasema juu ya wake wengi, wakasema juu ya hirizi. Watu wakaacha kuwauzia chakula, na waalimu, walipoona njaa imewaandama, wakarudi. Mwaka 1896 alitakiwa mtu mwingine wa kwenda. Apolo akakubali. Kabla ya kuondoka alitafuta jembe, akalichukua begani. Alikuwa amelifikiria jambo lile kama mtu aliyezoea safari: wakininyima chakula, nitalima changu.

Katika maisha yote ya mtu huyu hakuna kitu kinachosema zaidi kuliko jembe hilo. Mara ya kwanza alikula shamba la mwenyeji, kama walivyokula askari wote. Mara ya pili alikuja na chombo cha kutokula jasho la mtu. Hakuna aliyemwamuru. Hakuna hukumu ya mahakama iliyomtaka alipe ndizi zilizoliwa mwaka 1891, wala hakuweza kumjua kila aliyezilima. Aliligeuza tu lile lililowezekana kugeuzwa, nalo ni namna ya kuingia katika nchi ya wengine.

Mboga haikumpokea vizuri zaidi ya wale waliomtangulia. Alipigwa. Nyumba yake ilichomwa moto. Kikundi kidogo cha wasomaji kilichomzunguka kilisumbuliwa, na mtu wa moyo mwepesi angesema ametimiza wajibu wake na kurudi Buganda kwa heshima. Kisha, mwaka 1898, likatokea jambo lililokaribia kuufunga ukurasa wake kabisa.

Apolo alikuwa na mkuki, kama kila mwanamume aliyetembea katika nchi ile. Mkuki huo ulikuwa umewekwa katika nyasi. Dada yake Tabaro akapita hapo, akajikwaa, akauangukia, akafa.

Tabaro hakuhitaji ushahidi zaidi. Mwalimu aliyekuja kuharibu desturi zake sasa alikuwa amemwulia dada. Apolo alikamatwa, akapigwa vibaya, akafungwa minyororo, akapelekwa Toro kwa mashtaka ya kuua, akatiwa gerezani. Baadaye ilionekana kwamba hakukuwa na kusudi wala uovu, akafunguliwa.

Wasomaji ambao kazi yao ni silaha watalielewa tukio hili kuliko mapadri. Kila kambi ina habari ya bunduki iliyofyatuka wakati wa kusafishwa, ya risasi iliyopiga ukuta ikarudi ikampata asiyehusika, ya gari la kazi lililomgonga mtoto wakati wa haraka. Baraza la uchunguzi huketi, maandishi huandikwa, na mara nyingi uamuzi ni wa haki: hakuna kosa la jinai. Lakini uamuzi huo hausemi neno lolote juu ya usiku. Apolo hakuwa muuaji, nao mkuki ulikuwa wake. Mambo hayo mawili yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na hakuna karatasi ya hakimu iliyoweza kuliondoa la pili.

Katika mateso ya mwaka huo, Apolo mwenyewe alisimulia baadaye, alimwona Yesu Kristo amesimama karibu naye, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwambia asiogope, kwa maana hakuwa peke yake. Mtu anaweza kuamini maono hayo au kuyaacha. Lililo jambo la historia ni matokeo yake. Maono hayakumpa mwanya wa kukimbia. Hayakumwambia kwamba yule mwanamke hakufa, au kwamba Mboga ilikuwa imemkosea kiasi cha kutostahili kumwona tena. Apolo alipotoka kifungoni, alirudi Mboga. Alirudi kwa mtu ambaye dada yake alikufa kwa mkuki wake, akakaa mahali ambapo kila aliyemwona angeweza kumnyoshea kidole.

Na Tabaro? Mtawala huyo aliyewanyima waalimu chakula, aliyeamuru viboko, mwishowe aliomba kufundishwa, akabatizwa, akachukua jina la Paulo. Kwamba alichagua jina la mtesi aliyegeuka si jambo dogo. Alijua alichokuwa amekifanya, akakiandika katika jina lake ili kila amwitaye akitaje. Yapo maridhiano ambayo hupatikana kwa pande zote mbili kusahau. Haya ya Mboga yalikuwa ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kusahau.

Kutoka hapo maisha ya Apolo yanaweza kupitiwa upesi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika miaka mingi Toro, kisha, mpaka ulipopangwa upya na Mboga ikawa katika Kongo ya Wabelgiji, akarudi huko tena akiwa mtu wa makamo. Mkewe alikuwa amekufa zamani, wala hakuoa tena. Mwaka 1922 alipewa heshima ya ukanoni wa Namirembe. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza safari zake katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti, watu wafupi wa msituni ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alikuwa na umri wa kukaribia miaka sitini, umri ambao wenzake walitafuta kiti chenye mgongo.

Habari hii yafaa kurudishwa nyumbani, kwa kuwa si wasomaji wengi watakaotumwa Ituri. Katika nyumba za askari na katika laini za polisi yako mambo ambayo hayasemwi mezani. Baba amerudi kutoka zamu ya mpakani, labda Mpondwe, ambako waasi wa ADF waliingia kwa nguvu mwezi Novemba 1996 na ambako mwezi Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule yao usiku. Ameona na pengine ametenda. Amenyamaza. Mke anadhani amekasirikiwa. Watoto wanajifunza kutembea kwa vidole. Au jambo lenyewe ni dogo na la aibu zaidi: fedha ya dereva wa lori la chumvi iliyopita mkono kwa mkono kwenye kizuizi, pombe inayokula mshahara kabla ya tarehe kumi, mwanamke mwingine katika kituo cha zamani. Mtu kama huyo hukwepa kanisa kwa sababu anadhani ni mahali pa waliofaulu. Akienda, hukaa nyuma karibu na mlango.

Kuna kosa moja ambalo watu wa nyumbani hufanya kwa nia njema. Humwambia, "Yamepita, sahau." Angeweza kusahau angesahau. Kinachomsaidia mtu ni kusikia kwamba jambo lake linaweza kusemwa likasikilizwa, na kwamba baada ya kusemwa bado ipo kazi ya kufanya kesho asubuhi. Apolo hakuambiwa asahau, alirudishwa kazini.

Kosa la pili ni la mwenye doa mwenyewe, na halistahili kuonewa huruma. Wako wanaolipenda neno neema kwa sababu hulisikia kama ruhusa. Ampiga mkewe Ijumaa, alia machozi ibadani Jumapili, arudia Ijumaa ijayo, na kila akikemewa husema kwamba binadamu ni dhaifu na Mungu ni mwenye rehema. Mungu aweza kuwa mwenye rehema, lakini mke naye ana mbavu. Neema ambayo haijampa mtu jembe lolote mkononi inatia shaka kama imefika kweli.

Serikali nazo zina msamaha wao, na inafaa kujua unapoishia. Uganda ilitunga Sheria ya Msamaha mwaka 2000: mwasi aliyeweka silaha chini na kuuacha uasi alipewa hati, asishtakiwe kwa kosa hilo la kuasi. Sheria hiyo iliwarudisha watu wengi kutoka msituni, na ilikuwa ya maana. Lakini hati haikuweza kumfundisha jirani jinsi ya kumsalimu aliyechoma ghala lake. Hapo ndipo wazee, makanisa na misikiti walipolazimika kuanza kazi ambayo ofisi ilikuwa imeimaliza.

Katika Afrika Mashariki wapo walioichukua kazi hiyo kwa namna ya pekee. Kuanzia miaka ya 1930, mwamko wa kidini ulioenea kutoka Rwanda na Uganda mpaka Kenya, Tanganyika na kwingineko ulizaa watu walioitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikuwa na desturi ya kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, na desturi ya pili ambayo haisifiwi sana ingawa ni ngumu zaidi: kurudisha. Aliyeiba alikwenda kwa mwenye mali na kitu alichokiiba, au na thamani yake, akasimama mlangoni akasema alichokifanya. Wakuu wa serikali ya kikoloni na maaskofu wengine walikereka na makelele yao, na kweli palikuwa na kupita kiasi. Wapo walioungama hadharani mambo ambayo yalikuwa pia siri ya mwingine, wakamwaibisha aliyekuwa hajaomba kuokolewa namna hiyo. Mume anayetaka kusafisha moyo wake hana haki ya kuufanya moyo wa mkewe kuwa kitambaa cha kusafishia. Aanze nyumbani, kwa sauti ya chini, na amwulize mwenzake ni mambo gani yanaweza kutoka nje ya mlango.

Lakini lile la kurudisha halina cha kulaumiwa. Askari aliyechukua kuku wa mama mmoja katika doria ya miaka kumi iliyopita pengine hatamwona tena mama huyo. Anaweza kuwa mtu ambaye, akipewa lindo katika kijiji kingine, hununua kuku wake kwa bei ya soko na kungoja chenji. Polisi aliyewahi kumfunga mtu kwa sababu ya chuki anaweza kuwa yule anayeuliza mara mbili kabla ya kuandika jina katika kitabu cha mahabusu. Wenzake watamcheka. Watasema bwana amekuwa mchungaji. Apolo naye alichekwa, na lile koti lake jekundu liliwapa watu jina la kumchekea, mpaka jina hilo likageuka na kuwa la heshima.

Mke wa mtu wa namna hiyo atayaona mambo haya kabla ya mkuu wa kikosi hajayaona. Atayaona katika mfuko wa mshahara, katika saa ya kurudi, katika jinsi mlango unavyofunguliwa. Asiharakishe kutangaza muujiza. Mabadiliko ya Waswa yalichukua miaka kati ya siku aliposikia mahubiri ya kwanza na siku aliposhuka katika maji ya ubatizo, na katikati yake kulikuwa na vita, bangi na safari ya Katwe. Asiharakishe pia kucheka.

Kanoni Apolo Kivebulaya alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kanisa aliloliacha huko lilikua mpaka likawa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi ile wakapata jimbo lao wenyewe. Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya kaburi lake. Desturi ilitaka kichwa cha maiti kielekezwe upande wa nyumbani, na kwake nyumbani kulikuwa mashariki, Buganda. Akaomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako alisema kazi ilikuwa bado haijafika. Wakamzika hivyo.